Nyufa za Betri Zisizoonekana kwa Jicho

Mwenye kusimama katika pwani ya kaskazini ya Pemba usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, huziona taa za wavuvi wa dagaa zikielea baharini mfano wa mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Wazee wetu waliivua bahari hiyo hiyo kwa karabai, wakaijua bei ya mafuta ya taa na adha ya kuitia pumzi taa ikipepesuka katikati ya upepo. Siku hizi karabai inazidi kurudi nyuma, na mahali pake panashikwa na taa ya betri.

Wala si baharini peke yake. Betri imo katika simu ya muuza karafuu wa Konde, imo katika taa ya jua inayomsomesha mtoto katika visiwa vidogo, na imo katika sanduku linalohifadhi umeme wa jua wa kituo cha afya ili mkunga asizalishe gizani. Kwa ufupi, sehemu ya maisha yetu ya usiku tumeiweka amana ndani ya kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiuliza kina nini tumboni. Leo twaona yafaa tukiulize, kwa kuwa majibu yake yanamhusu mvuvi, na yanamhusu pia ofisa anayetia saini ununuzi wa vifaa kwa fedha za umma.

Sisi watu wa visiwani tunayo sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Pemba ilitegemea kwa miaka mingi mashine za dizeli, mpaka mwaka 2010 ulipoanza kupita umeme wa Gridi ya Taifa katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norwei. Neema hiyo hatuisahau. Lakini pia hatusahau yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja, ambao waya wao ulipoharibika mwaka 2008 walikaa gizani muda wa mwezi mmoja hivi, na ulipoharibika tena Desemba 2009 wakakaa gizani takriban miezi mitatu. Aliyefungwa na uzi mmoja hana budi kuwa na akiba ya mwanga, na akiba ya mwanga ndiyo betri.

Betri iliyoenea zaidi leo ni ile ya lithiamu. Iliingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 mabingwa watatu walioijengea misingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku hiyo, na hakuna aliyepata kuipokea tuzo hiyo akiwa na umri mkubwa kuliko yeye. Tunalitaja hili kwa sababu elimu ya betri ni elimu ya subira: kazi yake moja kubwa aliifanya mwaka 1980, na matunda yake yamo mikononi mwetu leo.

Namna inavyofanya kazi si jambo la kumshinda mtu anayejua kucheza bao. Betri ina pande mbili ziitwazo elektrodi, na baina yake umo umajimaji unaoruhusu chembe za lithiamu kupita. Tunapoichaji, chembe hizo huhama kutoka elektrodi ya chanya na kwenda kujipanga katika elektrodi ya hasi. Tunapowasha taa, hurejea zilikotoka, na katika kurejea kwake umeme huzunguka kwa njia ya waya wa nje na kutupa nuru. Chembe ni kete, na elektrodi ni ubao wenye mashimo. Kete zahama na kurudi, ubao wabaki ule ule, na mchezo waendelea maadamu kete hazijapotea na mashimo hayajaziba. Betri inapochoka, mara nyingi ni kwa moja ya mambo hayo mawili: ama kete zimepungua, ama mashimo na njia zake zimezibwa au kuharibika.

Sasa, ubao huu haukuchongwa kwa tezo. Umejengwa kwa atomu zilizopangwa safu kwa safu, kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukidiriki. Katika elektrodi ya hasi, kitu kinachotumika sana ni kinywe, yaani yale madini meusi ya kaboni ambayo ndiyo hutiwa ndani ya kalamu za risasi. Kinywe kimeundwa kwa tabaka nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine kama majamvi yaliyorundikwa, na kila jamvi limesukwa kwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Nafasi kati ya jamvi na jamvi ni kama sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni 3. Humo ndimo lithiamu inamojisokomeza, chembe moja kwa kila atomu 6 za kaboni, na majamvi hufutuka kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi ili kuipokea.

Hapa ndipo ilipo shida, na hapa ndipo ilipoanzia elimu tunayotaka kuieleza leo. Jamvi lililosukwa kamili, lisilo na kasoro hata moja, halipitishi lithiamu katikati yake, kwa sababu kile chumba cha pembe sita ni chembamba mno. Chembe hailazimiki kupita ukutani; huzunguka na kuingia kwa pembeni, pale jamvi linapokomea, kisha hutambaa mpaka ndani. Kwa hiyo mtu akitaka kuichaji betri kwa haraka, chembe husongamana mlangoni kama abiria wa boti siku ya mkesha wa Idi. Ukamilifu wenyewe umegeuka kuwa kizuizi.

Wataalamu wakauliza: je, tukilitoboa jamvi kwa makusudi? Mahesabu yao yalionyesha kuwa palipokosekana atomu 2 au zaidi zilizo jirani, mlango hupatikana, na lithiamu huweza kupenya kutoka tabaka hili kwenda tabaka lile bila kuzunguka. Mwaka 2012 Profesa Nikhil Koratkar na wenzake wa Taasisi ya Rensselaer, jimbo la New York nchini Marekani, walitangaza jaribio ambalo laweza kumfurahisha hata mtoto wa skuli. Walichukua karatasi iliyotengenezwa kwa tabaka za kaboni zilizoshikana na oksijeni, wakaimulika kwa leza, na hata kwa mmweko wa kawaida wa kamera ya picha. Joto la ghafla liliitimua oksijeni, ikatoka kwa vishindo vidogo vidogo, na karatasi ikabaki imejaa nyufa na matundu. Elektrodi hiyo yenye nyufa iliweza kupokea na kutoa umeme kwa kasi ya mara 10 kuliko elektrodi za kinywe zilizozoeleka wakati huo.

Wahenga walitwambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo ni la kweli katika nyumba na katika utawala. Lakini katika jambo hili tunafundishwa kuwa si kila ufa ni adui. Upo ufa ambao ni mlango. Fundi hodari ni yule anayejua ni upi wa kuuziba na ni upi wa kuuacha, na kwa kiasi gani.

Neno kiasi ndilo lenye uzito. Kila ukingo wa tundu ni mahali ambapo kaboni iko wazi na ina hamu ya kushikana na vitu vingine. Siku betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, umajimaji wake huvunjika kidogo juu ya elektrodi ya hasi na kuacha utando mwembamba. Utando huo una manufaa, kwa kuwa huilinda elektrodi, lakini hujengwa kwa lithiamu ambayo hairudi tena mchezoni. Matundu yakizidi, kingo huzidi. Kingo zikizidi, utando huzidi. Na utando ukizidi, kete hupotea kabla mchezo haujapamba moto. Basi dosari huwekwa kama chumvi katika mchuzi: bila yake chakula hakina ladha, na ikizidi chakula hakiliki.

Tukiugeukia upande wa chanya, twakuta kisa cha namna nyingine. Betri nyingi zinazotumika katika umeme wa jua zina elektrodi iliyoundwa kwa lithiamu, chuma na fosfeti, kiambata ambacho Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walikitangaza mwaka 1997. Sifa yake ni kuwa hakina kobalti wala nikeli ambazo ni ghali, na kinastahimili joto kuliko wenzake. Ila njia za lithiamu ndani yake si kama uwanja. Ni vichochoro vyembamba vilivyonyooka, kila kimoja kikienda njia yake, mithili ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Sasa fikiria mkokoteni umekwama katikati ya kichochoro. Hapiti mtu kwenda wala kurudi, na wote walioko nyuma yake wamefungiwa.

Mkokoteni huo ni atomu ya chuma iliyokaa mahali palipowekwa kwa ajili ya lithiamu. Watafiti wa maabara ya Whittingham huko Binghamton, New York, walipotengeneza kiambata hiki kwa njia ya maji ya moto, waligundua kuwa takriban asilimia 7 ya nafasi za lithiamu zilikuwa zimekaliwa na chuma, na betri haikufaa kitu. Walipoupandisha moto wa mapishi, atomu zilirudi kila moja mahali pake. Wengine wakatumia hila nyingine: kuifanya punje ya kiambata kuwa ndogo sana, ili kichochoro kiwe kifupi na mkokoteni mmoja usiwafungie wengi. Hii ni dosari ya kuondolewa, wala haina msamaha. Kwa hiyo ndani ya betri moja, fundi anaweza kuwa anaongeza kasoro upande huu na huku anaziondoa upande ule.

Msomaji atauliza: haya yote yana nini na sisi wa Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani? Yana mengi, na tutayataja matatu.

La kwanza ni ununuzi. Betri mbili zaweza kulingana kwa umbo, rangi na maandishi, moja ikadumu miaka mingi na nyingine ikafa kabla ya msimu wa pili wa karafuu, na tofauti yao isiwe katika kitu chochote ambacho mnunuzi anaweza kukiona au kukipima kwa mkono. Tofauti imo katika atomu. Lakini ingawa dosari haionekani, athari yake hupimika. Betri huchajiwa na kutumiwa mara nyingi katika mtambo wa majaribio, na huhesabiwa ni mizunguko mingapi kabla haijashuka kufikia asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Taa ya jua huzunguka mara moja kila siku. Betri ya mizunguko 500 haifikishi mwaka mmoja na nusu. Ile ya mizunguko 2,000 huvuka miaka mitano. Ya pili ikiuzwa kwa bei maradufu bado ndiyo rahisi. Na kwa kuwa joto huharakisha uchakavu wa betri, hesabu iliyofanywa katika chumba cha baridi haitoshi kwa kisiwa kama chetu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Serikali wanaohusika na ununuzi, pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar, wasiridhike na bei ya chini na maneno matamu ya karatasi ya mauzo. Kila zabuni ya betri kwa ajili ya skuli, kituo cha afya au kisiwa kidogo iseme wazi idadi ya mizunguko, kiwango cha joto kilichotumika katika kupima, na dhamana ya muuzaji. Fedha inayopotea ni ya umma, na giza linalobaki ni la mama mzazi.

La pili ni betri zilizokwisha. Kila betri iliyoingia Pemba kwa boti, siku yake itafika. Ikitupwa kichakani au pwani, sumu yake itatafuta njia ya kuingia katika visima na katika mashamba ya mwani, na ikichomwa pamoja na taka yaweza kulipuka. Betri ya zamani ya risasi ina afadhali moja, kuwa risasi yake ina mnunuzi. Betri yenye kobalti nayo ina wa kuifuata. Lakini hii ya chuma na fosfeti, ambayo tunaisifu kwa urahisi wake, kwa urahisi huo huo haina wa kuitafuta, kwa maana ukiiyeyusha hupati ila chuma na fosfeti, vitu ambavyo havilipi hata nauli ya jahazi.

Ndipo elimu ile ile ya dosari inapotupa tumaini. Mwaka 2020 Profesa Zheng Chen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitangaza kuwa kiambata cha betri iliyochoka hakihitaji kuyeyushwa, kinahitaji kuponywa. Walitambua kuwa ugonjwa wake ni huu tulioutaja: lithiamu imepotea, na chuma kimehamia mahali pake. Wakachukua unga wa elektrodi za betri zilizopoteza nusu ya uwezo wake, wakauloweka katika maji ya moto yasiyofika kuchemka, yenye chumvi ya lithiamu na asidi ya sitriki, ile ile inayoufanya ndimu kuwa mkali. Asidi ilikisaidia chuma kurudi kwake, na lithiamu ikaingia katika nafasi iliyoachwa. Unga ulipooshwa, kukaushwa na kupashwa moto, ulirejea karibu na hali ya upya, na kwa nishati pungufu kwa asilimia 80 hadi 90 kuliko njia nyingine za kuzirejeleza betri hizo.

Hatusemi kuwa kiwanda cha namna hiyo kitajengwa Wete kesho, wala hatumshauri mtu yeyote kupasua betri nyumbani na kuikamulia ndimu. Hiyo ni hatari ya moto na ya sumu. Tunasema kuwa kitu tunachokitupa leo chaweza kuwa mali kesho, kwa sharti kiwe kimekusanywa, kimetengwa kwa aina, na hakikuchanganywa na taka. Zanzibar ilikuwa mbele ya wengi ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Haishindwi kuweka masanduku ya betri chakavu bandarini Mkoani na Wete, katika masoko, na katika ofisi za shehia, na kumtaka kila anayeingiza betri mpya awe na wajibu wa kuipokea ile kuukuu. Chombo kilicholeta shehena kisirudi kitupu.

La tatu ni elimu. Nchi yetu ina kinywe kingi Bara, huko Mahenge wilayani Ulanga, mkoani Morogoro, na Ruangwa mkoani Lindi, na ndani ya betri kinywe huzidi lithiamu kwa uzito mara kadhaa. Lakini kinywe kinachotoka mgodini hakiingii katika betri moja kwa moja. Hutakiwa kusafishwa mpaka kifikie usafi wa asilimia 99.95, kikaviringwa na kupakwa, na sehemu kubwa mno ya kazi hiyo hufanyika Uchina. Thamani haimo shimoni. Imo katika elimu ya kuzipanga atomu. Wapemba tuliwahi kulijua hili kwa karafuu: aliyeichuma juani na kuianika juu ya jamvi hakuwa ndiye aliyefaidi zaidi, bali yule aliyejua kuigeuza mafuta na dawa.

Kwa ajili hiyo twapenda kuona Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia zikiwapa vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, elimu ya betri kuanzia kuipima mpaka kuitengeneza. Si lazima kuanza na mitambo ya mabilioni. Kijana aliyefundwa kupima uwezo wa betri, kuzitenga nzima na mbovu, na kumwambia mvuvi ukweli kuhusu taa anayotaka kuinunua, tayari amekwisha kuutumikia umma.

Na mwananchi naye ana wajibu wake, mdogo lakini wenye faida. Betri isiachwe juani wala ndani ya ngalawa iliyoanikwa mchana kutwa. Isiachwe ikauke kabisa mara kwa mara, wala isiwekwe imejaa tele kwa majuma bila kutumiwa. Ikivimba, iachwe kutumika mara moja na itengwe mbali na moto. Hayo hayahitaji fedha.

Tangu zamani mafundi wetu wa majahazi walijua kuwa chombo hakizami kwa sababu ya mawimbi, bali kwa mwanya ambao haukutiwa kalafati. Leo mwanya umekuwa mdogo kiasi cha atomu moja, lakini hukumu yake haikubadilika. Tuzijue basi nyufa zetu, kubwa na ndogo, kabla usiku haujaingia na taa ikakataa kuwaka.